Usilipe Kwanza

Mbarouk, usilipe kwanza.
Kaa hapo hapo dukani, wakupe soda, uinywe kidogo kidogo,
muuzaji mwambie simu inakatakata.
Mimi niko Chake, uzi wa cherehani mkononi,
napima mlango.

Ile kubwa, ya mita tatu na ushei, najua umeipenda.
Nimeisikia sauti yako ilivyolainika,
kama siku ile ulivyorudi kuposa kwa kina Riziki.
"Inatoa bango zima bila kiungo," unasema,
"uwanja wa Gombani tutauvika nguo."
Haya. Gombani ina sherehe ngapi kwa mwaka?
Na mlango wetu, yakhe, ni futi tatu kasoro inchi.
Fundi Shaame keshautazama ukuta.
Kaugonga kwa kidole, kaguna, kataja bei,
na bei hiyo haina saruji ndani.

Ile ndogo umesema wino wake haupandi kichwani.
Hilo liandike.
Chumba chetu kina dirisha moja,
na nyuma ya pazia Bi Mchanga anasomesha watoto juzuu.
Sitaki waanze alifu na macho yanawachoma.

Halafu uliza vichwa.
Rangi usiulize, rangi kila mtu atakusifia.
Uliza kichwa kikiziba anakizibua nani,
na huyo nani anakaa wapi, na nauli ya boti analipa nani.
Uliza umeme ukizimika katikati ya herufi
(na huku utazimika, tena penye jina la mteja)
mashine inakumbuka ilipofika,
au inaanza upya na turubai langu linakuwa la kufunikia kuku?

Unavikumbuka vile vipande viwili vya mfano?
Kibao cha baba, kile cha DUKA LA DAWA,
nilikipiga picha, nikataka wote wawili wanichapie hicho hicho.
Nikavipigilia juu ya paa la jiko tokea Mfunguo Tatu,
jua likavila, masika ikavitafuna.
Leo nimepanda ngazi.
Cha kubwa: nyeusi imekaa, nyekundu imekuwa rangi ya fizi.
Cha ndogo: nyekundu ipo,
imechoka kama mtu wa saa kumi ya Ramadhani, lakini ipo,
ila pembeni pameinuka na kunguru kapadonoa.
Nilitaka mshindi. Sikumpata. Usinicheke.

Na kile chenyewe cha baba, cha brashi na rangi ya mafuta,
bado kipo njia ya Wawi.
D imekwenda na kutu.
UKA LA DAWA, kinasema,
na watu wanafika, na dawa wanapata.

Huyo muuzaji anakutajia nukta,
elfu moja mia nne na arubaini kwa inchi.
Baba nukta hakuzijua.
Mteja akija alimuuliza neno moja tu:
"Atakayesoma atakuwa amesimama wapi?"
Akasema yule wa dawa: hatakuwa amesimama.
Atakuwa juu ya baiskeli, usiku, mvua,
mtoto mgongoni anaungua homa.
Baba akazifanya herufi nene kama mikono ya mpagazi.

Hesabu nimeipiga nyuma ya daftari la mikopo.
Kwa ile ndogo, deni linakwisha mwaka na nusu,
asife mtu, na wale wa hoteli ya Makangale walipe.
Kwa ile kubwa sikufika mwisho, karatasi iliisha.

Gombani ikija, tutachapa vipande viwili.
Kiungo nitakificha ndani ya herufi,
kama baba alivyouficha ufa wa mbao kwenye mguu wa K,
na hata wewe, miaka yote hiyo, hukuuona.

Basi imalize hiyo soda.
Lipa ndogo. Risiti idai, na chupa mbili za wino mweusi juu.
Kwa sanduku lake haipiti, nimepima mara tatu,
kwa hiyo mlango nimeshaung'oa.
Umelala uani, bawaba juu,
na kuku wa Bi Mchanga wameingia mmoja mmoja
kuangalia pahala itakapokaa.